Gari Lililokataa Kanyaruchinya

Gari la Mbaraka lilikufa mara mbili. Mara ya kwanza lilikufa lenyewe, kwenye mwinuko wa Kibumba, likinuka kama kwato iliyotupwa motoni. Mara ya pili liliuawa na ulimi wa mwenyewe, likiwa limetulia uani kwake Birere, na kifo hicho cha pili ndicho kilichodumu.

Lilikuwa Toyota Corolla ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Baba yake Mbaraka alikuja Goma kutoka Kasongo na biashara ya chumvi na vitenge. Mwana hakupenda kukaa nyuma ya meza, akachagua usukani. Kwa miaka mingi alipanda barabara ya Rutshuru asubuhi, akarudi jioni na kabichi, maharage, na abiria waliokaa juu ya maharage. Mtaani alijulikana kuwa mtu wa kusema kidogo na kufika. Wenye safari zao walimngojea hata magari mengine yalipopita yakiwa matupu.

Kilichokufa katika gari hilo ni ambrayaji. Wengine huiita klachi: ile sahani inayokaa kati ya injini na bwati ya vitesi, yaani giaboksi, inayoshika na kuachia kila dereva anapotumia mguu wa kushoto. Ikichakaa, injini hunguruma kwa hasira zote na gari hubaki palepale kama mlango. Na dereva wa Goma huichakaza upesi, maana mji umekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo hayapitwi kwa mwendo. Hupitwa kwa nusu mguu: shika kidogo, achia kidogo, shika tena, gari likinyata kama mtu mwenye viatu vya kuazima.

Siku ilipokufa, vita vilikuwa vinashuka kutoka Rutshuru. Mbaraka alikuwa anapanda kwenda kupakia kabichi. Watu wenye bunduki wakamsimamisha, wakawashusha abiria, wakajaza masanduku mpaka gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Hawakusema ni wa upande gani, naye hakuuliza; katika Kivu mwenye bunduki haulizwi ukoo wake. Mmoja alikaa nyuma yake akaweka mdomo wa bunduki nyuma ya sikio lake.

"Papa, tia moto."

Alitia moto, gari likapanda. Mwinuko ni mrefu, mzigo ulikuwa wa chuma, na ambrayaji ilianza kunuka, kisha kutoa moshi, kisha ikaacha kushika kabisa. Wale watu walimtukana, wakapiga mlango teke, wakahamishia masanduku yao kwenye gari jingine. Lori la kabichi lilimvuta mpaka nyumbani. Mkewe, Faida, alipouliza kuna nini, alijibu, "Ambrayaji imekufa." Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine, ile baridi ya chuma, ilibaki nyuma ya sikio, na kila aliponyoa ndevu kidole chake kilikwenda pale kuangalia kama bado ipo.

Vipuri vya magari ya Goma, piese kwa lugha ya mtaani, hutoka Kampala na kuingia kwa mpaka wa Bunagana. Tangu waasi waichukue Bunagana, vitu vilikuwa adimu, na jina la mji huo likawa jibu la kila swali. Sukari imepanda? Bunagana imefungwa. Dawa hakuna? Bunagana imefungwa. Hata Émile, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekuwa mchelewaji tangu kuzaliwa, alipoulizwa suti ya harusi alinyoosha mikono: "Uzi unatoka Kampala, mama, nifanye nini?" Watu walicheka, lakini walienda zao. Jibu hilo halikuwa na pa kushikia.

Mbaraka aliagiza sahani mpya kwa Nsanzimana, muuza vipuri wa Birere, akajiandaa kungoja sana. Nsanzimana hakungoja Bunagana. Aliipitisha kwa mwanamke mmoja anayevuka kila siku kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na haukupita muda mrefu akamkabidhi boksi lenyewe, jipya, zito, likinuka mafuta. Mbaraka alilileta nyumbani akaliweka kwenye buti ya gari, chini ya tairi la akiba, lisiibiwe. Hapo hakuwa na nia mbaya. Alikusudia kuanza kazi asubuhi.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Papa Jamila? Ni mimi, Mukashyaka wa Kibumba. Tumekimbia. Tuko Kanyaruchinya, karibu na shule. Mimi natembea, lakini mama yangu, koko, hawezi, unamujua. Kwa pikipiki hawezi kukunja muguu. Tafazali, uje na gari umutoe hapa. Usiku bunduki zinalia karibu."

Mbaraka aliikumbuka barabara: Kanyaruchinya iko kwenye njia ile ile ya Rutshuru. Sikio likapoa. Na neno likatoka lenyewe, likiwa limeoga na kuchana nywele:

"Gari imekufa, mama. Ambrayaji. Piese haiyafika. Bunagana imefungwa."

Alisikia pumzi upande wa pili.

"Oo, pole, Papa Jamila. Pole sana na gari. Sasa na batoto unabalisha na nini?"

Yeye aliye chini ya hema ndiye aliyempa pole. Mbaraka aliikata simu akabaki ameishika, mpaka Jamila, binti yake mkubwa, akamuuliza kama anangoja nyingine.

Mukashyaka hakuwa ndugu yake. Alikuwa mjane aliyemuuzia kabichi, ndiyo yote, mpaka jioni ile mlima ulipowaka, mwaka mmoja na nusu kabla. Mbaraka alikuwa Kibumba, gari limejaa, anafunga kamba. Mbingu ikawa nyekundu kama mdomo wa tanuri. Moto ukashuka, ukaikata barabara chini yao, naye akabaki upande wa huko, na mkewe na watoto upande wa huku. Mukashyaka akampa kitanda cha marehemu mumewe na sahani ya viazi. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mpaka masufuria yakaongea yenyewe jikoni. Mawe yalipoanza kupoa, Mbaraka alivuka kwa miguu, soli za viatu zikilainika, akaenda kumtafuta Faida katika umati uliokimbilia Sake. Gari alilazimika kuliacha.

Aliliacha wiki nyingi. Vijana walitaka betri yake. Wanajeshi walitaka matairi. Lakini mama yake Mukashyaka, koko Umurerwa, alitandika mkeka kando ya gurudumu la mbele akakaa pale kila siku na fimbo mapajani. Kila aliyesogea alimwambia kwa Kinyarwanda kwamba gari lina mwenyewe, na mwenyewe ana mke, na kwamba yeye koko ni mzee, hana kazi nyingine duniani ila kupiga kelele. Hakuna aliyepitisha mkono. Mbaraka aliporudi alikuta kila kitu mahali pake isipokuwa mzigo.

"Kabichi tulikula," koko alimwambia bila aibu. "Tungeziacha zioze ju ya heshima yako?"

Mbaraka alicheka mpaka machozi, akamshika koko mikono yote miwili. "Koko, hii gari ni yako. Siku utaihitaji, ita tu."

Sasa koko alikuwa ameita.

Kesho yake Mbaraka hakuanza kazi. Alijiambia mvua inakuja. Siku ya pili alijiambia hana mtu wa kumsaidia kushika bwati. Boksi lilibaki gizani chini ya tairi, na kila siku iliyopita lilikuwa zito zaidi kulitoa, kwa sababu sasa kulitoa ni kujibu: lilifika lini? Uongo mwingine mtu huutunga na hivyo anaweza kuutungua. Huu aliukuta tayari, umetungwa na vita, mji mzima ukiukariri. Nani angemkatalia?

Faida alienda Kanyaruchinya kwa pikipiki na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kitenge. Alirudi na matope mpaka magotini, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Wamelala juu ya mawe, Papa Jamila. Mawe yale yale ya volkano, wametandika majani ya mikaratusi. Koko anakohoa. Ameniuliza, gari inaendeleaje? Kama vile mutu anauliza habari ya mugonjwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia Bunagana imefungwa. Kuna neno lingine?"

Mbaraka alitoka nje. Siku nyingine aliondoka nyumbani bila kuaga, akapanda barabara ile kwa miguu, ajaribu tu moyo wake. Alifika pale nyumba zinapoanza kuachana. Wasichana walimpita wakiwa na madumu ya maji, wanapanda. Muuza mikate akampita na pikipiki, mikate imefungwa mpaka shingoni, anapanda, anaimba. Mbaraka alisimama kando kama mtu anayesubiri mwenzake. Juu, mahali fulani nyuma ya kilima, kitu kizito kilidondoka mara moja. Muuza mikate hakugeuka hata shingo. Mbaraka aligeuka mwili mzima akarudi, na njia nzima aliwasalimu watu kwa uchangamfu mwingi kuliko kawaida yake.

"Papa Jamila," Émile alimwita kutoka kwenye cherehani yake, "hii gari yako inalala sana. Haiko na mimba?"

"Ushone suti ya watu, Émile."

"Uzi unatoka Kampala! Sote wawili tuko bagonjwa wa Bunagana."

Mbaraka alicheka pamoja naye.

Siri ilitoka sokoni. Faida alikuwa anachagua dagaa, Nsanzimana akapita, akamsalimu kama mfanyabiashara anavyomsalimu mke wa mteja mzuri. "Mama Jamila, ile disiki niliyomupa muzee, inashika muzuri?" Faida alisema inashika. Alimaliza kuchagua dagaa zake. Alirudi nyumbani, akafungua buti, akanyanyua tairi.

Mbaraka aliporudi kutoka sala ya alasiri alikuta chakula kimeandaliwa. Ugali upo, sombe ya majani ya muhogo ipo, na katikati, kwenye sahani kubwa ya wageni, ile sahani ya chuma, imetolewa kwenye boksi, inang'aa.

"Karibu," alisema Faida. "Hiyo ndiyo nyama uliyotuficha. Nayo ilipitia Bunagana?"

Watoto walitazamana. Jamila akawachukua wadogo zake akaenda nao nje.

"Faida..."

"Unaogopa?"

Mbaraka aliketi. Akamwambia, kwa mara ya kwanza, habari ya masanduku na ya mtu aliyekaa nyuma yake. Alisema macho yakiwa kwenye ugali. Faida alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukalegea kidogo, kisha ukajifunga tena.

"Pole, mume wangu. Kweli, pole. Lakini ungesema unaogopa. Ningemwambia Mukashyaka mume wangu anaogopa, naye angeelewa, ju yeye anaogopa usiku na mchana. Angetafuta mtu mwingine. Wewe umemufunga pale na tumaini. Anangojea piese ya Kampala, na piese inalala kwetu!" Alisimama, akaanza kukusanya sahani ambazo hakuna aliyezila. "Kesho mi naenda kule. Nitakaa na koko mpaka aje mutu kutuchukua. Ukitaka kuja, utakuja."

Asubuhi aliondoka kweli, na Mbaraka akavaa salopeti, nguo yake ya ufundi. Aliinua pua ya gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo ya mikaratusi. Jiwe la Goma huonekana gumu kumbe ndani ni matundu matupu, na mwenye akili haweki kifua chake chini ya gari lililoegemea jiwe hilo. Akamwaga mafuta ya bwati, akavua magurudumu, akachomoa mihimili yake. Akamwita Émile.

"Kumbe Bunagana imefunguliwa na hukuniambia!" alisema Émile, akijikunja kuingia chini ya gari na suruali yake ya pasi.

"Shika hapo. Ushike kwa kifua."

"Mi ni mushonaji, si tingatinga." Lakini alishika. Bwati ilishuka, ikamkalia tumboni, wakaivuta nje wote wawili wakiguna kama wabebaji wa jeneza. Na ile sahani ya zamani ikaonekana, imekwisha mpaka ribiti zake zimekwaruza chuma, imepakwa weusi wa moto. Mbaraka aliishika. Ilikuwa nyembamba kama ukoko wa sufuria. Ilikuwa imechomwa kwa lazima, haikuwa na kosa lolote.

Alipokuwa anaifunga mpya ndipo mtaa ulipobadilika sauti. Kwanza pikipiki nyingi, zote zikishuka. Kisha miguu. Jamila akachungulia langoni.

"Papa, batu ba Kanyaruchinya banakimbia! Wote! Barabara imejaa magodoro!"

"Wamesema nini?"

"Wamesema waasi wamefika. Wengine wanasema hapana. Lakini wote wanakimbia."

Faida alikuwa huko. Mbaraka alipiga simu, haikupita. Alipiga tena kwa kidole chenye grisi. Kisha akajitupa chini ya gari. Alitumia mpini wa ufagio uliozungushiwa mpira wa baiskeli kuipanga sahani katikati. Akakaza bolti. Akampigia Émile kelele, wakainua bwati, ikakataa kuingia, wakaitikisa, Émile akiomba kwa Bikira Maria na Mbaraka akisema ya Rabi, ya Rabi, mpaka mhimili ukapata tundu na kila kitu kikaingia kwa sauti moja. Akarudisha mihimili, waya, magurudumu. Aliwasha. Alikanyaga, akasukuma mkono wa vitesi. Bwati ilipiga kelele ya meno. Alikanyaga tena mpaka mwisho. Meno.

Alijua papo hapo. Alizima injini akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Nini?" aliuliza Émile.

"Nimeigeuza. Ule upande uliovimba, wenye springi, ungetazama bwati. Nimeuweka utazame injini."

"Mugongo mbele?"

"Mugongo mbele."

Émile alifuta jasho. "Mi nikishona shati mugongo mbele, mutu analivaa tu."

Kazi ambayo Mbaraka alikuwa ameifanya tangu ujana, ambayo angeifanya akisinzia! Hakuweza hata kukasirika. Alihisi gari limemjua, na linamrudishia mgongo aliompa Mukashyaka. Wakashuka tena chini, wakaanza upya, bolti moja baada ya nyingine, huku nje ya ukuta watu wakipita na kupita, mbuzi wakilia, mtoto fulani akiita jina moja bila kuchoka.

Bwati ilikuwa imelala tena uani, na Mbaraka alikuwa ameipakata ile sahani, lango lilipofunguliwa kwa mgongo wa mtu. Aliingia kijana wa chukudu, baiskeli ile ya mbao isiyo na kanyagio, anaivuta kwa kurudi nyuma. Juu ya chukudu palikuwa na godoro lililokunjwa, na juu ya godoro, amefungwa kwa vipande vya mpira kama gunia la viazi, koko Umurerwa. Faida na Mukashyaka walikuwa wanamshikilia huku na huku. Mkono wa kulia wa koko ulikuwa umefungwa kitenge kifuani, nao ulikuwa umekaa vibaya.

"Alianguka," alisema Faida, bila kumtazama. "Pale kwenye mteremko. Watu walisukumana, chukudu ikapinduka, akaangukia mawe."

"Muzee," kijana wa chukudu alisema akifungua mafundo, macho kwenye gari lililopasuliwa, "yangu haina ambrayaji. Inakataa tu kusimama."

Mukashyaka alikuwa amevaa ndala ya mguu mmoja. Matope yalikuwa yamemkauka mpaka kwenye nyusi. Aliona sahani mikononi mwa Mbaraka, na uso wake wote ukafunguka.

"Piese imefika! Mungu ni muzuri, Papa Jamila! Mi nilimwambia mama njiani, kama angeipata angetujia. Bunagana imefunguliwa?"

Émile alijishughulisha kufuta mikono. Faida aliinamia fundo la mpira ambalo lilikuwa limeshafunguka. Na neno lilikuja tena kwa Mbaraka, safi, limechana nywele: imefika leo asubuhi. Lilikuwa neno dogo. Lingemfunika yeye, na Faida, na hata koko asingejua mkono wake umevunjikia nini. Alilishika mdomoni. Likamchoma.

"Haikupitia Bunagana," alisema. "Ilikuwa hapa. Tangu ile siku ulinipigia simu, ilikuwa hapa kwenye buti."

Kijana wa chukudu aliacha kufungua. Mukashyaka aliitazama sahani muda mrefu, kama anavyoitazama kabichi aliyoipasua akakuta moyo umeoza, anapima kama kuna jani la kuokoa. Mbaraka alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Mama Jamila," Mukashyaka alimwambia Faida, "nimulaze wapi mama?"

Kesho yake gari lilitembea. Ambrayaji ilishika laini kama mkono wa mtoto mchanga, na yule koko akawekwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya binti yake, wakaenda hospitali kuunga mkono. Kwenye kila jiwe Mukashyaka alisema neno lile lile.

"Shofere, polepole."

Si Papa Jamila. Shofere, kama abiria anavyomwita mtu asiyemjua. Mbaraka alienda polepole.

Koko hakuambiwa. Masikio yake mazito ya uzee hayakuwa yamesikia mazungumzo ya uani, na binti yake hakutaka kumuongezea maumivu mengine. Kwa hiyo ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyeendelea kumwombea Mbaraka. Kila alipompelekea uji, koko alimwekea kichwani mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Imana iguhe umugisha, mwanangu," Mungu akupe baraka. Mbaraka alipiga magoti azipokee, maana kukataa kungehitaji maelezo. Aliinuka pale akiwa mzito kama mtu aliyepokea mali ya wizi.

Hofu kule Kanyaruchinya ilitulia, watu wakarudi kwenye mahema yao, na Mbaraka akaanza kupanda kila siku. Alishusha wagonjwa, wajawazito, wazee na magodoro yao. Aliogopa kila siku vile vile. Baridi ya nyuma ya sikio haikupungua hata kidogo, ila aligundua kwamba inaweza kupanda mlima pamoja naye. Watu wakaanza kumsifu. Imamu alimtaja msikitini. Émile alimshonea kofia bila kuchelewa, jambo ambalo mtaa uliliongelea. Mbaraka aliivaa kofia akarudi nyumbani, akakuta Faida na Mukashyaka wanacheka jikoni kwa jambo la wanawake, na alipoingia kicheko hakikukatika ghafula. Kilipungua tu, kwa adabu, kama mtu anavyopunguza sauti mgeni akipita.

Mwezi wa kumi na mbili habari zilivuma kwamba waasi wataondoka Kibumba. Koko alikaa uani kwenye jua, mkono umeunga kwa kupinda kidogo, akamwita.

"Mwanangu, gari imepona. Nipeleke nyumbani. Nataka kuona kama nyumba yangu iko na mabati. Nikifa, nifie kwangu."

Mbaraka alichuchumaa mbele yake. Alikuwa ametoka kule asubuhi hiyo. Alifika mpaka kizuizi cha mwisho, akamwomba mwanajeshi, akaonyeshwa kwa kidole arudi alikotoka.

"Barabara imefungwa, koko," alisema. "Nimetoka kule. Hawaachi mutu apite. Ikifunguliwa, wewe utakuwa wa kwanza."

Lilikuwa neno la kweli, kila herufi yake. Hata hivyo alilisikia linavyotoka, na halikuwa na nguo yoyote ya kulitofautisha na lile jingine.

Mukashyaka alikuwa anamenya viazi kando ya mlango. Aliweka kisu juu ya maganda. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akasimama, akapita mbele yao bila haraka na bila ubaya, akafungua lango na kwenda mpaka kwenye kona, pale waendesha pikipiki wanaporudi kutoka juu. Mbaraka alimwona akiinama kwa mmoja wao, akiuliza habari ya barabara. Kijana wa pikipiki alikuwa anakula muwa. Alitafuna kwanza, akiangalia upande wa mlima.

Mbaraka alibaki amechuchumaa miguuni pa koko, akingoja jibu, kama mtu ambaye naye hajui.